Tabibu Aliyebaki Nyumba ya Wageni

Iyunga, Mbeya
9 Juni 2024

Mke wa Lutengano,

Salamu. Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu. Tangu mfunge ndoa sijakusemesha wala sijakuandikia, na haikupaswa. Kwetu Unyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, na mke halitamki jina la baba mkwe. Vijana wa siku hizi wengi wameyaacha hayo. Mimi sijaacha. Simu nayo naiona sawa na mtu kuingia chumbani bila hodi. Barua inakaa nje ikisubiri mpaka uitake, kwa hiyo nimejiuliza sana, nikaona barua haina kosa.

Jambo lenyewe ni hili. Mumeo alipokuja kunitazama baada ya bodaboda kunivunja mguu, aliniachia mashine ya gemu. Akaiunganisha kwenye televisheni yangu, akasema, "Baba, usishinde unahesabu malori barabarani." Nikamwambia nimekuwa steshenimasta maisha yangu yote na sikuwahi kucheza kazini, ndiyo nianze uzeeni? Akacheka, akapanda Fuso lake, akaenda zake kubeba mchele.

Basi nimekaa na mguu juu ya stuli. Redio inarudia habari zile zile. Nikawasha. Nikakuta watoto wenye nywele za bluu wanakimbia porini na taa ya chemli, hakuna mzazi hata mmoja wa kuwauliza wanakwenda wapi. Wanapigana na vyura waliovaa kofia. Nikazima. Kesho yake nikawasha tena, kwa sababu nilitaka kujua kama yule mzee mwenye mkokoteni alifikisha mzigo wake. Hakufikisha, daraja limevunjika.

Nimemuuliza Lutengano daraja linatengenezwaje. Anasema yeye hajui chochote, mashine ni ya mke wake. Nilidhani hayo ni mambo ya vijana wa kiume. Nijibu kupitia kwake: daraja linatengenezwaje, na kwa nini watu wa kile kijiji wananiambia maneno yale yale kila nikiwasemesha?

Wako katika heshima,
Baba yake Lutengano


Kihesa, Iringa
14 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Na kamwene, kama tunavyosalimiana huku kwetu Uhehe. Lutengano aliniletea barua yako ameishika kwa ncha za vidole kama amebeba yai. Nilidhani kuna msiba. Nilipofika kwenye vyura wenye kofia nikakaa chini nikacheka, unisamehe.

Ndiyo, mashine ni yangu. Nina mashine mbili duniani, ya kufumia masweta na hiyo. Hiyo aliichukua bila kuniaga vizuri, lakini kwa kuwa imekuja kwako sina kinyongo. Niliipata kwa Iqbal, ambaye zamani alikuwa na kibanda cha gemu hapa mjini. Mama yangu aliuza maandazi mlangoni kwake na mimi nilimsaidia. Wavulana wote waligombania gemu la mpira. Kulikuwa na diski moja ambayo hakuna aliyeigusa, yenye picha ya watu wanne na taa. Iqbal aliniambia, "Chukua hiyo, hawa wanaona ina maneno mengi." Ndivyo nilivyoanza.

Linaitwa Wabeba Taa, gemu la Wajapani. Lilianza kabla sijazaliwa na bado wanalitoa. Hiyo uliyo nayo ni namba nne. Kila namba ni nchi nyingine na watu wengine, lakini kila mara kuna taa inayotaka kuzimika, kuna mzee mwenye mkokoteni, kuna nyumba ya wageni yenye kengele mlangoni, na kuna watu wanne wanaotembea kwa mstari. Mgeni akitazama anasema ni kitu kile kile. Ukikaa nalo unaanza kumsubiri yule mzee, unajiuliza safari hii atatokea wapi.

Daraja: nenda kwa mhunzi nyuma ya kinu, umpelekee mbao kutoka msitu wa chini. Kuhusu watu wa kijiji, Baba, ukiwasemesha mara moja tu utawaona wajinga. Kila jambo linapotokea, rudi ukawasalimie tena. Maneno yao yanabadilika kidogo kidogo. Mimi utamu wa gemu zima niliuona hapo.

Mguu unaendeleaje? Lutengano nikimuuliza anasema "yupo tu", na "yupo tu" si jibu.

Mkweo,
Frida


Iyunga, Mbeya
27 Juni 2024

Mke wa Lutengano,

Daraja limesimama. Mzee amevuka na mkokoteni wake. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, nikajionea aibu kidogo.

Hukuniambia kuna treni! Nimefika mji wa stesheni, nikamweka yule wa mbele kwenye jukwaa, nikatazama. Mjapani anajua reli. Semafo, ule mkono wa ishara, inashuka kabla ya treni kuingia, na mtu wa bendera anangoja mpaka behewa la mwisho lipite ndipo aikunje. Wengi huchora treni, lakini mtu yule hawamchori. Nilimsemesha. Akasema, "Leo imechelewa kidogo, lakini itafika." Maneno hayo nimeyasema mimi kwa abiria mpaka nimestaafu. Nilimsemesha tena na tena ili ayarudie, na safari hii sikulalamika kwamba anarudia.

Kiingereza chao ni chepesi, nakisoma kwa miwani. Kwenye kusalimia umesema kweli. Mwanamke wa kisimani kwanza aliniambia maji ni baridi. Taa ilipopungua, akaniambia ndoo imekuwa nzito. Sasa siondoki kijiji chochote bila kuwapitia wote. Mama Esta jirani anauliza nazungumza na nani humu ndani.

Naona hii ni safari yako uliyoihifadhi, na wenzangu tayari wana majina. Mpiga mishale ni Lutengano. Mwenye nyundo ni Sekela, hapo binti yangu hukumkosea hata kidogo. Lakini yule wa mbele, ninayemwendesha mimi, juu ya kichwa chake kuna vinukta vitatu tu. Kwa nini hana jina?

Nimekwama. Ndani ya handaki la chumvi kuna nyoka anatuua kila siku. Mahandaki nayafahamu, lakini hayakuwa na nyoka wa namna hii.

Mguu unaendelea.

Baba yake Lutengano


Kihesa, Iringa
3 Julai 2024

Baba, shikamoo.

"Unaendelea" nalo si jibu. Sasa najua Lutengano alijifunza kwa nani.

Nimekutumia soksi ya sufu. Nilimwambia Lutengano apime mguu wako kwa uzi ukiwa umesinzia, na uzi huo nimeufanyia kazi, kwa hiyo ikikubana mgombeze yeye. Ni pana kupita bandeji na haina mshono kwenye kisigino. Baridi ya Julai na chuma walichokutia mguuni havipatani.

Nyoka wa handakini ni mkali kwa wote. Atakupiga sumu, kisha ataangusha mmoja wenu. Usihangaike kumpiga tu. Mwache tabibu asimame nyuma, kazi yake iwe kuondoa sumu na kuinua aliyeanguka. Bila tabibu hakuna anayepita pale, hata kijana wa mjini mwenye vidole vyepesi. Yuko vizuri huyo tabibu, nilimlea muda mrefu.

Kuhusu yule asiye na jina, niache kwanza. Nitakueleza siku nyingine.

Frida


Iyunga, Mbeya
15 Julai 2024

Mkwe,

Soksi imeenea. Ndaga fijo, ndiyo asante kubwa ya kwetu. Nimelala nayo na nimeamka nayo. Mama Esta anataka ya mume wake, nikamwambia akavunjike mguu kwanza.

Nyoka bado ananishinda. Nimenunua dawa za majani mpaka mwenye duka ananifahamu. Tunampiga, anatupiga, dawa zinaisha, skrini inakuwa nyeusi. Nimeanza kumheshimu. Wakati wa kupumzika narudi stesheni kumsalimia mtu wa bendera. Ameanza kusema kwamba mke wake ni mgonjwa. Hilo sikulitarajia kabisa.

Tabibu amepumzika.

Yule msichana wa kazi aliyeletwa na Sekela kutoka Tunduma ameondoka. Alikuwa anatia sukari kwenye maharage. Najimudu.

Baba


Kihesa, Iringa
20 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Amepumzika wapi?

Nimesoma mstari huo mara nyingi nikiwa kwenye mashine, mpaka nimeharibu shingo ya sweta la mtoto wa shule. Gemu hili halina kupumzika. Tabibu anatembea na wenzake mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa wewe mwenyewe umwache mahali. Umemwacha, Baba? Amekukosea nini? Sisemi kwa kulalamika, ila nimekaa naye tangu zamani, nataka kujua yuko wapi na anakula nini.

Na msichana ameondoka lini, na nani anakuchotea maji?

Frida


Iyunga, Mbeya
2 Agosti 2024

Mkwe,

Umeuliza, nami si mtu wa kudanganya kwa maandishi.

Tabibu yuko kwenye nyumba ya wageni ya kijiji cha kwanza. Nilipoifungua safari yako niliona jina lake juu ya kichwa, FRIDA, herufi kubwa. Na wale wanne wakiingia nyumba wanaingia pamoja, wakilala wanalala chumba kimoja, vitanda vimepangwa. Huyo wa mbele namwendesha mimi. Ningefanya nini? Nilikuta mwenye nyumba ya wageni anakubali kumbakiza mtu, nikambakiza. Sikumtupa. Kila nikipita kijiji kile nalipia chumba chake. Siingii. Nasimama nje penye kengele kidogo, halafu naendelea.

Unaweza kucheka. Sekela nilimweleza kwenye simu, alicheka mpaka salio likaisha.

Lakini nikwambie ninakotoka. Marehemu mama yake Lutengano aliolewa kwetu Tukuyu akiwa binti mdogo. Alimpikia baba yangu mpaka baba anakufa. Alikuwa anaweka chakula mlangoni, anapiga makofi mawili, anaondoka, ndipo baba anatoka kukichukua. Akisikia baba anakohoa njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hakuwahi kumwona. Siku ya mazishi wazee walimruhusu apite mbele ya jeneza. Alisimama pale akamtazama muda mrefu. Baadaye aliniambia, "Kumbe alikuwa na uso wa upole."

Niliona fahari. Niliwasimulia watu kwamba mke wangu ana heshima ya namna hiyo. Sasa nimekaa hapa na mguu, yale maneno yananirudia, na sina hakika tena kama alikuwa anamsifia baba au ananilalamikia mimi. Sikumuuliza. Na sasa siwezi.

Baba


Kihesa, Iringa
8 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Nilicheka mpaka dada yangu Paskalina akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikafika kwenye migomba, nikalia. Nakuambia waziwazi, nililia.

Sasa nikueleze yule asiye na jina. Nilipoolewa nilianza safari upya, nikataka ile familia niliyoingia iwemo yote. Lutengano nikampa mishale, Sekela nyundo, mimi mwenyewe utabibu, maana sikutaka kutangulia, nilitaka kuwa yule ambaye akiwepo wenzake hawafi. Wa mbele nilitaka awe wewe. Kidole kikagoma. Jina lako sitakiwi kulitamka, na nikaona kuliandika ni kulitamka. Nikabonyeza bila kuandika kitu, gemu likaweka vinukta vitatu. Kwa hiyo huyo unayemwendesha ni wewe, tangu siku ya kwanza. Mimi nimekukimbia kwenye jina na wewe umenikimbia kwenye chumba, Baba, na hatukuwa tumeambizana.

Mimi nakujua kwa mgongo. Siku ya harusi ulikaa kwenye turubai ukatazama upande wa jenereta mpaka keki ikaisha. Nalijua koti lako la kahawia na unavyoshika kofia kwa nyuma. Nikikutana nawe sokoni Mbalizi ukija kwa mbele, nitakupita kama mgeni. Heshima nakupa na nitaendelea kukupa. Lakini hilo linaniuma.

La mwisho. Lutengano ameniambia. Ulianguka tena ukibeba ndoo, na Mama Esta alikukuta sakafuni umekaa hapo tangu asubuhi. Lutengano aliniapisha nisiseme, nimeshindwa. Sekela ana biashara yake mpakani, Lutengano yuko barabarani, msichana wa kazi umemfukuza. Mimi kazi yangu ni mashine, na mashine inakaa popote penye meza. Nakuja kukuuguza. Tulishaongea mimi na mume wangu, tulikuwa tunaogopa kukuambia tu.

Frida


Iyunga, Mbeya
12 Agosti 2024

Mke wa Lutengano,

Hapana.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Iyunga na nina kaka wakubwa Tukuyu. Mguu wangu hauwezi kuoshwa na mke wa mwanangu. Sekela atatafuta msichana mwingine. Nashukuru kwa nia yako.

Hili si gemu. Usije.

Baba yake Lutengano


Igawa
19 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Ni mimi posta wenu. Nimepaki Igawa nasubiri tairi, nikaona na mimi niandike, maana naona ndiyo mtindo wa familia siku hizi.

Frida amesoma barua yako. Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akarudi kwenye mashine ya masweta. Sijasikia kelele ya hasira, afadhali ningeisikia. Nilipoondoka nilimuuliza, "Barua ya Mzee iko wapi?" Akasema hakuna barua. Ndiyo mara ya kwanza napita Rujewa bila bahasha kwenye dashibodi, na nimeizoea, Mzee wangu. Nilikuwa natembea najisikia nimebeba kitu cha maana zaidi ya mchele.

Mimi sikushauri. Nilikua namwona mama akiingia kwenye migomba, nikadhani wanacheza kombolela, yaani sikuwa najua. Kula vizuri. Mama Esta anasema unarudisha sahani zimejaa.

Lutengano


Iyunga, Mbeya
1 Septemba 2024

Mkwe wangu Frida,

Hujaniandikia, na sina cha kulalamika.

Kwanza ukweli. Mguu haujaunga. Nilipoanguka chuma kililegea, na daktari hataki niukanyage mpaka mwisho wa mwaka. Niliwaficha ninyi wote. Naogopa, Frida. Sijawahi kuliandika neno hilo.

La pili. Wiki hizi sikuwa na barua ya kusubiri, nikacheza kwa hasira. Nyoka akaniua kila alivyotaka. Mtu wa bendera naye nilikwenda kumsalimia, na mahali pake amesimama kijana mwingine. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema, "Yuko nyumbani, mke wake anamhitaji." Nikaizima mashine. Nikakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.

Kesho yake nilirudi kijiji cha kwanza. Nikasimama penye kengele muda mrefu. Nikaingia. Tabibu alikuwa amekaa kitandani ameelekea dirishani, akageuka, akasema, "Nilijua mngerudi. Twende." Hakuuliza nilikuwa wapi. Ningekuwa mimi ningeuliza.

Tukaenda handakini wote wanne. Nyoka akamwangusha yule wa mbele, ambaye sasa umeniambia ni mimi. Kwa kawaida mambo huishia hapo. Tabibu akatoka nyuma, akazunguka mpaka mbele yake, akapiga goti, akamtazama usoni, akainua taa, na yule akasimama. Nilirudia vita ile kwa makusudi. Nilitaka kuona kama anaweza kumwinua kwa nyuma bila kumtazama. Nilimgeuza kila upande, nikabonyeza kila kitufe. Haiwezekani. Waliolitengeneza hawakuweka njia hiyo.

Nyoka amekufa. Nilipiga kelele mpaka Mama Esta akaja mbio na mwiko.

Basi njoo. Nimeongea na mchungaji, hana neno. Nimeongea na kaka yangu mkubwa, amesema nifanye nipendavyo ila yeye asiulizwe. Chumba cha uani kimefagiliwa, kina meza na soketi ya umeme kwa ajili ya mashine yako. Mama Esta ameahidi kuosha mguu, wewe utapika. Pazia nitaliacha mlangoni kwangu, na kiti changu nitakielekeza dirishani. Nivumilie kwenye hilo. Sijui nitaweza lini, wala kama nitaweza.

Baba


Uani, Iyunga
16 Septemba 2024, mchana

Baba, shikamoo.

Nimefika salama, Lutengano amenishusha na mashine, ameondoka kuwahi mzigo. Mama Esta ameenda kliniki na mjukuu. Nimepika ndizi kwa maziwa kama Sekela alivyonielekeza. Sikujua nifanyeje, kwa hiyo nimefanya kama ulivyoniandikia: chakula nimekiweka mlangoni penye pazia, na karatasi hii juu ya sahani ya kufunikia. Nimepiga makofi mawili. Narudi uani.

Ukimaliza gonga stuli na fimbo, nitakuja kuchukua vyombo ukiwa umegeuka.

Frida


Sebuleni
Siku hiyo hiyo

Frida mwanangu,

Nimeyasikia makofi.

Chakula nimeshindwa kukitoa pale mlangoni, si kwa sababu ya mguu. Fimbo inatosha kukivuta. Nilisikia yale makofi na nyayo zinaondoka, nikamwona marehemu mama yake Lutengano akiwa binti, anakimbilia migomba kwa ajili ya mtu ambaye angempenda kama angemjua. Baba yangu angempenda sana.

Nimemwita mtoto wa Mama Esta akuletee karatasi hii.

Pale kwenye mji wa stesheni kuna karani anayebadilisha majina ya wasafiri. Asubuhi nilikwenda kwake. Vinukta nimeviondoa, nimeandika AMOS. Ndilo jina langu. Kuliandika nimeliandika mimi, kwa hiyo wewe huna kosa lolote, utalisoma tu kwenye skrini.

Tumefika mlango wa mwisho wa gemu. Wanne wamesimama nje. Sijaufungua, nakusubiri wewe.

Pazia nimelivuta. Kiti nimekigeuza, kinaangalia mlangoni. Chukua hicho chakula hapo ulipokiweka, uingie nacho.

Amos


Iyunga, Mbeya
16 Septemba 2024

Lutengano mume wangu,

Barua hii nampa kondakta wa basi la Iringa, utaikuta kwa Paskalina. Leo posta hayupo na siwezi kusubiri.

Nimeingia. Mfuniko wa sahani ulikuwa unalia njia nzima. Nilitazama kwanza sakafu, halafu soksi yangu, halafu stuli, halafu televisheni, ambako tulikuwa tumesimama wanne kwa mstari, kila mtu na jina lake. Akasema, "Huko tumeshaonana. Angalia huku." Sauti yake nzito, nilidhani itakuwa nyembamba. Nikaangalia.

Hukuniambia ana kidoti kwenye kidevu. Hukuniambia kwamba mna nyusi za namna moja, na kwamba akitaka kulia anajifanya anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni. Tulikaa tumetazamana, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha, halafu akasema, "Kaa, ndizi zinapoa."

Ukipita kwa Iqbal muulize kama ana namba tano. Baba anataka kujua yule mzee wa mkokoteni atatokea wapi.

Mama yako alimwona babu yako kwenye jeneza. Mimi nimemwona baba leo mchana, mdomo umejaa ndizi, ananilalamikia chumvi.

Frida